Jiko, jikoni, meko

Fundi wa Musoma akiambiwa “jiko lisogezwe dirishani”, aweza kuelewa mambo mawili: kuhamisha kifaa cha kupikia, au kuvunja ukuta na kuhamisha chumba kizima. Neno ni moja, gharama hazilingani.

Kiasili, wingi wa jiko ni meko, kama jino na meno. Leo wengi husema majiko wakikusudia vifaa (majiko ya mkaa, ya gesi), ilhali meko huelekea kumaanisha mahali pa kuwashia moto, hata pakiwa na mafiga matatu tu. Jikoni ni mahali, na upatanisho wake ni wa mahali: jikoni mna moshi, si “jikoni lina moshi”. (Aliyepata jiko, yaani aliyeoa, ni habari nyingine.)

Bunda na Butiama jiko la nje, kijumba kilichotengwa na nyumba kubwa, ni jambo la kawaida. Anayehamishia mapishi ndani kwa kutumia gesi hupanga kwanza vitu vitatu: jiko, sinki na kabati la chakula au jokofu, visitengane mno wala kubanana. Chumba chembamba hufaa mpango wa ukuta mmoja; chenye nafasi, umbo la herufi L. Mwenye kupikia kuni ni heri aache meko nje, kwa ajili ya moshi. Huo si ushamba.

Katika mkataba wa ukarabati, basi, mfasiri aandike “chumba cha jiko kipanuliwe”, na penye kifaa, “jiko la gesi liwekwe karibu na dirisha”.