Mtoto Akitishwa Mtandaoni, Asikuogope Wewe Kwanza

Shule zikifungwa, simu ya mzazi hugeuka kuwa simu ya nyumba nzima. Huyu anaiomba afanye homuweki, yule acheze gemu kidogo, mkubwa naye aongee na marafiki kwa WhatsApp. Hakuna ubaya. Lakini simu hiyo ndiyo pia pochi yako, na wakora wanalijua hilo. Leo tunaongea kuhusu utapeli ambao wazazi wengi huusikia pesa zikishaenda: kijana kutishwa kwa picha.

Unavyoanza

Kijana anapata rafiki mpya kwa Facebook, Instagram ama kwenye gemu. Rafiki anajifanya wa rika lake na ana maneno matamu. Baada ya siku chache, wakati mwingine saa chache tu, anatuma picha ya uchi na kuomba naye atumiwe. Akishaipata, sauti inabadilika: "Tuma 2,000 saa hii, ama picha inaenda kwa grupu la darasa lenu." Siku hizi mkora hata hahitaji picha ya kweli. Akichukua picha ya kawaida ya mtoto mtandaoni, anaweza kutengeneza ya uongo kwa akili bandia.

Usidhani ni wasichana tu. Wavulana pia hutishwa hivi, hasa pale lengo likiwa ni pesa.

Mtoto hana 2,000. Alicho nacho ni simu ya mama, na PIN anaijua kwa sababu yeye ndiye hutumwa dukani. Anatuma. Kesho mkora anarudi na kutaka 3,000, kwa sababu ameshajua hapa panalipa.

Mkora anategemea hofu, na mara nyingi hofu kubwa ya mtoto ni hii: "Mzazi wangu ataniua." Ndiyo inayomfanya atume mara ya pili na ya tatu kimya kimya.

Ongea kabla hayajatokea

Huhitaji kuwa mtaalamu wa mitandao. Mwambie tu: "Mtu yeyote akikutisha kwa picha, iwe ya kweli ama ya uongo, njoo uniambie. Sitakupiga. Tutalimaliza pamoja." Halafu siku akija, shika neno lako. Maswali ya "kwa nini ulituma?" yanaweza kungoja.

Dalili za kuangalia

- Pesa kidogo kidogo zinazoenda kwa namba usiyoijua, hasa usiku.
- Meseji za miamala hazionekani kwa simu. Omba taarifa ya akaunti: kufuta meseji hakufuti muamala.
- Mkopo wa simu ambao hukuuomba.
- Mtoto anashtuka simu ikilia, halali vizuri, ama anaomba pesa bila kueleza.

Ikishatokea, fanyeni hivi

1. Msitume pesa tena. Kulipa hakufuti picha.
2. Msifute kitu. Pigeni picha za skrini za vitisho, jina la akaunti na namba iliyopokea pesa. Lakini picha ya uchi ya mtoto msiisambaze kwa mtu yeyote, hata kwa nia njema.
3. Mripotini, kisha mumzuie kwenye mtandao aliotumia.
4. Tupigie mara moja ukiwa na namba ya muamala. Pesa ambazo hazijatolewa zina nafasi ya kuzuiwa. Zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu.
5. Nendeni polisi na mchukue namba ya OB. Sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta na mtandao inahesabu usambazaji wa picha za siri kuwa kosa. Hapa mtoto wako ndiye aliyekosewa.
6. Piga 116. Ni namba ya bure ya kusaidia watoto nchini, na inafanya kazi saa 24. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga.

Kuna pia huduma ya bure inayoitwa Take It Down, ya picha za walio chini ya miaka 18. Picha yenyewe haiondoki kwa simu yako. Huduma inatengeneza alama yake tu, kisha mitandao inayoshirikiana nayo, kama Facebook, Instagram na TikTok, inaitumia kuitafuta picha na kuiondoa.

Jihadhari na mtego wa pili: mtu anayejitokeza akisema atazifuta picha ama kurudisha pesa zako ukimlipa "ada kidogo". Huyo naye ni mkora.

Linda pochi

Mtoto akikusaidia kutuma pesa, aandike namba na kiasi, lakini PIN iweke mwenyewe. Kama anaijua tayari, ibadilishe leo, na usitumie mwaka wake wa kuzaliwa. Mwambie wazi kwamba si kwa sababu humwamini: asipoijua PIN, hata mkora akimbana hana cha kumpa, na itabidi aje kwako. Hapo ndipo msaada unapoanzia.

Sisi hatutakuomba PIN yako kamwe, iwe kwa simu ama kwa meseji. Mfundishe mtoto hilo pia.