Breki zilizong'ara mashindanoni

Mwaka 1953, gari la Jaguar C-Type lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Siri yake mojawapo ilikuwa breki za diski. Breki za ngoma za wapinzani wake wakuu zilifunikwa, joto likabaki ndani na nguvu ikapungua. Diski iko wazi, hupigwa na upepo ikapoa haraka. Leo magari mengi ya familia yana diski, angalau magurudumu ya mbele.

Hata hivyo, diski nazo zina kikomo. Dereva anaposhuka mlima Kitonga, Iringa, gari limejaa watoto na mizigo, akakanyaga breki mfululizo, mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Yakichemka hutoa mapovu, na pedali huzama bila gari kusimama. Yaliyokaa muda mrefu huchemka mapema, kwa kuwa hunyonya unyevu.

Kabla ya safari ya likizo, mzazi amwambie fundi akague mafuta hayo na unene wa pedi. Watengenezaji wengi hushauri mafuta yabadilishwe kila miaka miwili hivi. Na mteremkoni, gia ndogo iachwe isaidie kushika gari.