Kichwa kikiuma mlimani, usiseme ni jua

Saa kumi na moja jioni, ndani ya nyumba ya wageni kijijini Langtang, kaskazini mwa Nepal, mdogo wangu aliisogeza pembeni sahani yake ya wali na dengu. "Dada, nimeshiba," alisema. Hakuwa amekula hata kijiko kimoja. Nilipomkazia macho akaongeza kwamba kichwa kinamuuma kidogo, lakini ni jua tu, maana tulikuwa tumetembea juani tangu asubuhi.

Mimi ni daktari. Ninajua vizuri kwamba mtu aliyepanda juu ya mita 2,500, akaumwa kichwa na kukataa chakula, ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Jioni ile nilimpa parasetamoli, nikamwambia akalale. Nilitaka sana liwe jua.

Nieleze kwa nini nilitaka hivyo. Mdogo wangu anafundisha jiografia sekondari. Kwa miaka kumi na tano ameichora milima ya Himalaya ubaoni bila kuiona, na kwa miaka mitatu tuliweka akiba sote wawili ili aione alipotimiza miaka arobaini. Tulichagua bonde la Langtang kwa sababu ni tulivu. Wageni wengi wanakimbilia njia ya Everest au Annapurna. Langtang huhitaji hata ndege ya pili. Unapanda gari Kathmandu, unatikiswa kutwa nzima barabarani hadi Syabrubesi, kijiji kilicho karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake unaanza kutembea kando ya mto.

Siku ya kwanza ni msitu, mto unaonguruma na nyani wenye mikia mirefu wanaokutazama kutoka juu ya miti. Hakuna gari wala pikipiki. Mizigo yote inapanda kwa migongo ya watu na nyumbu, ndiyo maana kikombe cha chai kinazidi kuwa ghali kadiri unavyopanda. Unalala katika "nyumba za chai", ndivyo zinavyoitwa: vyumba vya mbao vyenye vitanda viwili, blanketi zito, na sebule moja yenye jiko la chuma ambako wageni, wapagazi na wenye nyumba wanaota moto pamoja. Kiongozi wetu, kijana wa Kitamang, aliniita "didi", maana yake dada mkubwa. Tulicheka tulivyosikia jinsi neno hilo lilivyo karibu na letu.

Kuhusu chakula sina malalamiko. Wali kwa dengu na mboga ndicho chakula cha kila siku huko, kinapikwa ukikiagiza na kinaletwa cha moto, na mwenye nyumba anakuongezea mpaka umkatalie. Nyama tuliiacha, kwani inabebwa siku kadhaa bila jokofu. Maji tulinunua yaliyochemshwa, tukayatia kwenye chupa, na chupa hiyo usiku ikawa ya kupasha miguu joto. Nilichoogopa zaidi ni baridi ya usiku kumshawishi mtu aingize makaa chumbani. Nimeshapokea familia nzima hapa nyumbani zilizolala na jiko la mkaa ndani, na hewa yake ya sumu inaua Himalaya kama inavyoua Mbeya au Lushoto. Moto ubaki sebuleni, penye bomba la moshi.

Siku ya pili tulitoka Lama Hotel, iliyo kwenye mita 2,400 na ushei, tukalala kijiji cha Langtang, mita 3,430. Tuliongeza karibu mita 1,000 kwa usiku mmoja. Watu wengi wanafanya hivyo na wengi wao wanafika salama, na hilo ndilo linalotudanganya. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na unaofuata, na kila siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupanda. Tungeweza kulala Ghoda Tabela, karibu mita 3,000, tukagawa safari ile mara mbili. Ratiba ya awali ilikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyeifuta siku hiyo moja kabla hatujaondoka nyumbani, ili tuokoe likizo na fedha.

Msomaji ataniuliza, mlimani oksijeni inakwenda wapi? Haiendi popote. Juu kama chini, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Kwenye mita 5,500 mgandamizo unakuwa nusu ya ule wa Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuletea nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unajitetea kwa kupumua haraka na kwa moyo kwenda mbio, na figo nazo zinatoa mkojo mwingi ili kusawazisha damu. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa. Haijali kama wewe ni mwanariadha au huna mazoezi kabisa. Vijana wenye nguvu wanaumia mara nyingi kwa sababu miguu yao inawafikisha juu kabla miili yao haijazoea.

Mwaka 1976 madaktari Peter Hackett na Drummond Rennie walichapisha utafiti wao wa wasafiri waliopita Pheriche, kwenye njia ya Everest, mita 4,243. Zaidi ya nusu yao, asilimia 53, walikuwa na dalili za ugonjwa huu. Kwa hiyo kuumwa kichwa huko si ajabu wala si aibu. Hatari inaanza mtu anapoumwa na bado akaendelea kupanda.

Usiku ule mdogo wangu hakulala. Asubuhi alitapika. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 82 kwake na 88 kwangu. Namba hizo peke yake hazitoshi kutoa uamuzi, maana mtu mzima wa afya mahali pale anaweza kusoma themanini na kitu. Mimi nilizitumia kujifariji. Nikamwambia kiongozi tupumzike hadi mchana, halafu tupande taratibu kwenda Kyanjin Gompa, mita 3,870. Ni saa mbili au tatu tu. Pale ndipo bonde linapofunguka chini ya mlima Langtang Lirung wa mita 7,227, na ndipo kilipo kiwanda kidogo cha jibini kilichoanzishwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Waswisi. Mdogo wangu alikuwa ameshawaahidi wanafunzi wake picha za barafu.

"Hapana, didi," kijana alisema. Alimshika mkono, akamsimamisha kwenye ubao mmoja wa sakafu, akamwomba atembee juu ya ule mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu aliyumba kama mlevi, akashika ukuta.

Kipimo hicho nimekifundisha kwa wanafunzi wa udaktari. Mtu aliye mwinuko mkubwa akishindwa kutembea sawasawa, au akianza kuchanganyikiwa na kusinzia ovyo, ubongo wake unavimba, na hapo saa zake zinahesabika. Ndugu wa hali hiyo ni mapafu kujaa maji: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, mwishowe anatoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Zote mbili zinaua, na tiba ya zote mbili inaanza kwa kushuka. Dawa na oksijeni zinakusaidia kufika chini tu.

Nilikuwa na deksamethasoni mfukoni, nikampa. Mama mwenye nyumba alitutafutia farasi mdogo, nasi tukamshika mgonjwa wetu huku na huku. Tulipita penye ukumbusho wa waliokufa tarehe 25 Aprili 2015, siku tetemeko lilipoporomosha barafu na mawe na kukizika kijiji cha zamani. Watu takribani 300 walikufa katika bonde hili, wenyeji na wageni. Siku iliyotangulia tulisimama pale tukasoma majina. Safari hii sikutazama upande huo.

Tulifika Lama Hotel giza likiingia. Tulikuwa tumeshuka mita 1,000, na mdogo wangu aliomba supu. Asubuhi iliyofuata alitembea juu ya ubao bila kuyumba, akala mayai mawili, kisha akanikasirikia kwa sababu tulikuwa hatupandi tena. Alipokwisha kulia aliniambia ukweli. Kichwa kilianza kumuuma tangu chakula cha mchana pale Ghoda Tabela, siku ile ya pili. Alikuwa akinywa vidonge vyake vya maumivu kwa siri kabla hata sijampa vya kwangu. "Ningekwambia, ungenirudisha," alisema. Ndiyo, ningemrudisha, na nadhani wagonjwa wangu wengi wananificha mambo kwa sababu hiyo hiyo.

Nimesimulia haya kwa sababu ya swali. Mama mmoja msomaji wa safu hii ameniandikia kwamba mwanawe wa miaka 16 amealikwa kupanda Kilimanjaro na wenzake wa shule, naye anaogopa kumruhusu na anaogopa kumkatalia.

Mama, Kilimanjaro unapandwa haraka kuliko Langtang. Katika njia ya Marangu usiku wa kwanza ni Mandara, kama mita 2,700, wa pili Horombo, kama 3,700, na wanaokwenda kwa siku tano wanalala Kibo, mita 4,700, usiku wa tatu. Kama safari ya kijana imepangwa hivyo, omba waongeze siku moja ya kukaa Horombo, hata kama mchango utaongezeka. Mimi niliokoa siku moja na unaona ilinifikisha wapi. Muulize kiongozi wa safari nani ana mamlaka ya kumrudisha mtoto akiumwa, na nani atashuka naye. Akijibu kwamba "tutaona huko huko", usilipe. Na umwambie mwanao mwenyewe, kabla hajaondoka, kwamba akiumwa kichwa na kusema ukweli hutamlaumu kwa fedha zilizopotea. Watoto wadogo zaidi hawawezi hata kusema kichwa kinauma. Wanalia bila sababu, hawachezi wala hawali, na mzazi anadhani ni deko.

Ipo dawa ya kinga, asetazolamaidi, ambayo inausaidia mwili kuzoea mwinuko. Inaleta ganzi na kuwashwa kwenye vidole, inaongeza mkojo, na soda inapoteza ladha. Wengine hawapaswi kuitumia, wakiwemo baadhi ya wenye mzio wa dawa za salfa, kwa hiyo iandikwe na daktari aliyekuona. Kunywa maji ya kutosha ni vizuri, lakini maji hayazuii ugonjwa huu, hata wapagazi wakikuapia. Mwenye shinikizo la damu au pumu iliyodhibitiwa mara nyingi anaweza kupanda akiwa na dawa zake na akipimwa kwanza. Mjamzito, au mtu ambaye moyo au mapafu yake yanamsumbua hata akiwa nyumbani, abaki chini.

Lipo pia jambo ambalo vitabu vya wasafiri wa Ulaya vinaligusa kwa mstari mmoja, nasi hatuwezi kuliruka. Mgonjwa wa selimundu hatakiwi kabisa kwenda kwenye mwinuko wa namna hiyo, kwani upungufu wa oksijeni ndio unaozipinda chembe zake za damu. Mwenye kurithi kinasaba kimoja tu kwa kawaida anaishi bila dalili, na wengi hawajui kama wanacho. Lakini wapo ambao bandama zao zimekosa damu na kufa sehemu wakiwa mlimani. Dalili ni maumivu makali ya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, na ukiyasikia unashuka saa hiyo hiyo. Mwenye kinasaba hicho asiamue kupanda kabla ya kuzungumza na daktari.

Nilimwuliza yule mama kama kijana amewahi kupimwa. Akajibu kwamba hajui, ila dada yake mkubwa ana selimundu na anahudhuria kliniki. Jumatatu walikwenda maabara, na fomu ya shule bado haijasainiwa.