Kaskazi na Kusi ya Viza: Niliyoyakuta Eldoret

Sisi watu wa pwani tumelelewa na pepo mbili. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Maskati, Sur na Hadhramaut yakileta tende, chumvi na papa. Kusi ilipoanza, yakarejea na boriti za mikoko. Mgeni aliyekuja na kaskazi alijulikana kuwa ataondoka na kusi, wala mwenyeji hakumwuliza atarudi kwao lini. Aliyepitwa na kusi mara mbili, mara tatu, akaoa na kujenga, huyo hakuitwa mgeni tena, alikuwa amehamia.

Hayo niliyakumbuka nikiwa mbali na bahari, mjini Eldoret, mji ambao wenyewe huuita Sisibo kwa ajili ya shamba namba 64 lililokuwa chanzo chake, na ambao ulipewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024. Baada ya sala ya adhuhuri mzee mmoja mwenye duka la nafaka alinishika mkono, akanikaribisha chai.

"Maalim," akaniambia, "wewe ni mtu wa magazeti. Hebu nisomee karatasi hii."

Ilikuwa barua ya chuo kimoja cha Marekani iliyomkubali mjukuu wake. Tena kulikuwa na karatasi ya pili, haina muhuri wala anwani, ya wakala aliyetaka shilingi laki tatu za kushughulikia viza. Wakala huyo alikuwa amempa mzee neno lake kwamba viza itatoka bila shaka. Mnunuzi wa ng'ombe watatu wa maziwa alikuwa amekwisha kupatikana.

"Mzee wangu," nikamwambia, "ng'ombe hao usiwafungue kamba kwanza."

Ndugu msomaji, nilimweleza mzee yule jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu chake cha 214(b), humchukulia karibu kila aombaye viza ya muda kuwa ni mtu anayetaka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe athibitishe sivyo. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mwombaji. Ofisa wa ubalozi aketiye nyuma ya kioo humwuliza, kwa lugha yake, swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza: kusi yako ni ipi? Ni kitu gani kitakachokurudisha kwenu?

Mtu mzima hujibu kwa kazi yake, mke na watoto, shamba au biashara. Kijana atokaye shuleni hana hayo, wala hatarajiwi kuwa nayo. Kwake hutazamwa nia yake ya sasa, kama kweli anakwenda kusoma, anasoma nini, nani anamlipia, na masomo hayo yatamfaa nini akirejea. Kijana asiyejua hata jina la somo lake, kwa kuwa fomu alijaziwa na mwingine, hujinyima viza kwa ulimi wake.

Tena viza hazifanani. Iko ya mtembezi na mfanyabiashara, iko ya mwanafunzi, iko ya mwanariadha anayekwenda kushindana, na kila moja ina masharti yake. Mwenye viza ya matembezi akikamatwa anafanya kazi ya mshahara, amevunja sheria hata kama paspoti yake ni safi.

Eldoret inayajua mambo haya kuliko miji mingi. Kipchoge Keino alipata dhahabu Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, kisha akarejea nyumbani, akafungua makao ya mayatima na shule. Henry Rono, mwana wa Nandi, alikuwa mwanafunzi wa Washington State University mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81. Wakimbiaji wengi wamekwenda ng'ambo kwa hati za muda, na tuzo zao zimerudi zikawa mashamba na majumba ya Eldoret.

Hata hivyo umaarufu nao si dhamana. Mwezi Julai 2022 Ferdinand Omanyala, bingwa wetu wa mita 100, viza yake ya kwenda mashindano ya dunia huko Oregon ilichelewa hadi mkesha wa mbio zake, akafika uwanjani zikiwa zimebaki saa chache tu. Ikiwa bingwa wa nchi alisubiri mpaka dakika ya mwisho, wakala wa uchochoroni ameipata wapi hakika anayoiuza?

Je, wakili hana kazi hapa? Anayo. Wakili ajuaye sheria hiyo atakuambia ni viza ya namna gani inayokufaa, atapanga hati zako, atasoma fomu yako aone kama inapingana na cheti chako cha kuzaliwa au barua ya kazi. Ikiwa uliwahi kunyimwa, atakueleza kilichokosekana. Kwani aliyenyimwa kwa kifungu kile hana rufani, bali anaweza kuomba tena hali yake ikibadilika, na ada ya kwanza hairudi. Lakini wakili hatakujibia maswali kule dirishani, wala hana njia ya kuinunua viza. Akikuambia anayo, mkimbie. Hati bandia ya benki ikigunduliwa yaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote. Afadhali unyimwe kwa ukweli, urudi kesho.

Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Maalim, sisi hapa tulikwisha kuumwa na nyoka."

Alikuwa na maana ya mpango wa masomo ya ng'ambo ulioanzishwa na serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu mwaka 2021, wa kuwapeleka vijana Ufini na Kanada. Wazazi waliuza mifugo na ardhi, wengine wakakopa, wakalipa kwenye akaunti iliyokuwa na jina la kaunti. Wapo vijana waliokwenda, kisha vyuo vikadai karo haijafika. Wapo ambao hawakuondoka kabisa. Agosti 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha zao. Mwezi huo huo Seneta Jackson Mandago, aliyekuwa gavana mpango ulipoanza, alifikishwa mahakamani Nakuru pamoja na wenzake kwa mashtaka ya kula njama ya kuiba shilingi bilioni 1.1. Wote walikana mashtaka. La hukumu ni la mahakama. Langu ni machozi ya mzazi aliyetoa amana na kubaki na risiti.

Nasi wa pwani tusiwacheke. Mabinti zetu wangapi wameondoka kwenda Saudia kwa mkono wa dalali asiyejulikana ofisi yake? Mawakala wa kazi za ng'ambo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kuuliza kama fulani amesajiliwa si utovu wa adabu. Asiyeweza kumlipa wakili, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliyowekwa kwa ajili ya wasio na uwezo. Na sote tuliopita chuoni tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo Suratul Baqara, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Twaisoma kwa tajwidi, kisha twatoa laki tatu kwa maneno matupu.

Nilimwandikia mzee maswali manne ya kumpelekea wakala: jina lake na leseni, kazi atakayoifanya, fedha atakazorudisha viza ikikataliwa, na sahihi yake mbele ya mashahidi wawili. Siku ya pili nikampitia dukani kumuaga. Wakala alikuwa ameyasoma maswali, akasema atarudi alasiri, na alasiri ile ilikuwa imekwisha kupita. Mjukuu alikuwa nyuma ya mizani, anajaza fomu yake mwenyewe, herufi kwa herufi. Nikamwachia beti hii:

Amana ukiitoa, iandikwe kwa kalamu,
Jina na tarehe tia, shahidi awe timamu,
Usije ukajutia, kwa maneno ya utamu,
Safari ni kurejea, mgeni si wa kudumu.