Uma wa Baiskeli Usio wa Kawaida Wahitaji Jicho la Ziada

Mteremko wa Valley Road, kutoka upande wa Ngong Road kuelekea katikati ya jiji, hauna huruma kwa baiskeli yenye breki mbovu. Mkazi wa Kilimani anayekwenda kazini kwa baiskeli huushuka magari yakimpita ubavuni, na breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kumsimamisha. Wengi hawafahamu kwamba katika baadhi ya baiskeli za milimani, breki hiyo inaweza kuharibiwa na oili inayovuja kutoka kwenye uma wa mbele.

Uma ndio unaoshika gurudumu la mbele, na katika baiskeli za milimani huwa na shokomzoba ndani yake. Uma wa kawaida una miguu miwili, ambapo mabomba membamba ya juu huteleza ndani ya mabomba manene ya chini. Mafundi wengi wa mitaani wanaufahamu. Hata hivyo, miongoni mwa baiskeli za mitumba zinazoingia nchini zimo zenye uma wa miundo mingine, na mara nyingi huuzwa bila kitabu cha maelezo. Jambo la kwanza kwa mwenye baiskeli ni kujua ana uma wa aina gani, kwa sababu kila aina huchakaa kwa namna yake.

Uma uliogeuzwa

Katika aina hii mabomba membamba yako chini, karibu na ekseli, na yale manene yako juu. Mabomba yanayoteleza huwa karibu na matope, changarawe na vumbi jekundu la njia za Msitu wa Karura. Mkwaruzo mdogo tu hukata mpira unaozuia oili. Mpira ukikatika, oili huteremka moja kwa moja hadi kwenye diski ya breki. Mabomba haya yapanguswe kwa kitambaa safi kila baada ya safari. Oili ikionekana karibu na diski, baiskeli isiendeshwe hadi itengenezwe, na pedi za breki zilizolowa zibadilishwe.

Uma wa mguu mmoja

Unaojulikana zaidi ni Lefty wa kampuni ya Cannondale, wenye mguu wa kushoto pekee. Mguu huo ni imara, lakini katika matoleo mengi ya zamani ndani yake mna beringi nyembamba kama sindano, ambazo husogea kidogo kidogo kila uma unapobonyea. Zikishasogea sana, uma hushindwa kunyooka wote, na mwendeshaji huhisi umekuwa mfupi na mgumu. Dawa yake ni fundi anayeuelewa kuufungua na kuzirudisha beringi mahali pake. Kuongeza upepo hakusaidii.

Kuna njia rahisi ya kufuatilia hali hii. Pima kwa utepe umbali kutoka katikati ya ekseli hadi sehemu ya juu ya uma, bila mtu kukalia baiskeli, kisha uandike. Rudia kila mwezi. Umbali ukipungua ilhali upepo ni uleule, peleka baiskeli kwa fundi. Chunguza pia mpira wa mikunjo unaofunika mguu, kwani ukipasuka, maji na vumbi huingia kwenye beringi. Tairi likipata pancha, tyubu inaweza kubadilishwa bila kutoa gurudumu, kwa kuwa upande mmoja uko wazi. Mweleze fundi wa kando ya barabara kabla hajashika spana.

Uma wa vipande vya mpira na wa viungo

Baiskeli nyingi za miaka ya 1990 zilitumia vipande vya mpira wa plastiki badala ya oili na upepo. Vipande hivi huzeeka hata baiskeli ikiwa imeegeshwa tu: hukauka, hugeuka vigumu, kisha humeguka. Uma usiobonyea kabisa, au unaobonyea na kukwama, huenda umefikia hapo. Uliza kama vipuri vyake vinapatikana kabla ya kununua baiskeli ya aina hii.

Uma wa viungo nao hukunjika kwenye vifundo badala ya kuteleza. Shika breki ya mbele, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano, kaza boliti kwa kipimo cha mtengenezaji au badilisha beringi na bushi zilizochakaa. Kifundo kilicholegea hakirekebishwi kwa grisi.

Mambo yanayohusu kila aina

Baadhi ya watengenezaji hupendekeza huduma ndogo kila baada ya saa 50 za kuendesha. Anayeendesha saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, hufikia kiwango hicho baada ya wiki kumi. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, ukaguzi ufanywe mapema zaidi.

Baiskeli isioshwe kwa mashine ya maji ya kasi inayotumiwa kuosha magari, kwa sababu maji hayo hupenya kwenye sili na kuingia ndani. Uma pia usipakwe oili chafu ya injini, kwa kuwa hunasa vumbi, nalo husugua mabomba. Anayenunua mtumba aubonyeze uma mara kadhaa, aangalie kama umeacha oili, na aulize ni fundi yupi atakayeuhudumia. Fundi asiyeufahamu muundo wake asiufungue kwa kubahatisha, maana upepo uliobanwa ndani unaweza kurusha vipuri na kumjeruhi.

Hatimaye, oili iliyotolewa kwenye uma isimwagwe mtaroni. Maji ya mitaro ya Kilimani hutiririka hadi mito ya Kirichwa na kisha Mto Nairobi. Itiwe kwenye chupa yenye kifuniko na ipelekwe gereji inayokusanya oili iliyotumika.