Mafuta Yamekwenda Wapi? Hesabu ya Ulaji wa Mafuta wa Kombi za Safari

Katika kazi ya kuwasafirisha watalii na abiria, ni maswali machache yaletayo ugomvi kati ya mwenye gari na dereva kama hili: mafuta yamekwenda wapi? Mwenye gari amesoma katika kitabu cha gari kwamba kombi yake hula lita saba kwa kila kilomita 100. Dereva anarudi safarini, na stakabadhi za vituo vya mafuta zaonyesha lita tisa na nusu. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo, kwamba dereva ameuza mafuta njiani. Hukatwa mshahara, na pengine hupoteza kazi.

Huenda dereva huyo ni mwizi kweli. Lakini kabla ya kumhukumu, hapana budi kujua safari yenyewe ilihitaji mafuta kiasi gani. Hilo ni swali la fizikia, na hesabu yake haizidi yale yanayofundishwa katika shule za sekondari.

Namba ya kitabuni hupatikanaje?

Namba inayoandikwa katika kitabu cha gari haipimwi barabarani. Gari hufungwa juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka ndani ya maabara, nalo huendeshwa kwa kufuata ratiba maalumu ya mwendo. Ratiba ya zamani ya Ulaya ilichukua muda usiozidi dakika 20, na masafa yake yalikuwa kilomita 11 tu. Mwendo wa wastani ulikuwa kama kilomita 34 kwa saa. Hapakuwa na mlima, wala matope, wala upepo, na kipoza hewa kilizimwa.

Kadiri miaka ilivyopita, pengo kati ya maabara na barabara lilizidi kupanuka. Uchunguzi wa taasisi ya kimataifa ya usafiri safi, ijulikanayo kwa kifupi ICCT, ulionyesha kwamba mwaka 2001 magari mapya ya Ulaya yalikula takriban asilimia 9 zaidi ya namba rasmi. Kufikia mwaka 2015 ziada hiyo ilikuwa imefika kama asilimia 40. Kwa hiyo, kuanzia Septemba 2017, Ulaya ilianza kutumia kipimo kipya chenye dakika 30 na kilomita 23, na mwendo wa juu wa kilomita 131 kwa saa. Hata hivyo pengo halikufungika kabisa. Mwezi Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo yaliyokusanywa na vyombo vilivyomo ndani ya magari yenyewe: magari ya petroli na dizeli yalizidi namba rasmi kwa takriban asilimia 20. Kama mambo ndivyo yalivyo katika barabara za Ulaya, hakuna sababu ya kutarajia nafuu katika barabara za Tsavo.

Kani mbili zinazoirudisha gari nyuma

Gari linalokwenda kwa mwendo usiobadilika kwenye barabara tambarare hupambana na kani mbili kubwa. Ya kwanza ni ukinzani wa tairi, unaotokana na tairi kubonyea na kurudia umbo lake kila inapozunguka. Kani hii hulingana na uzito wa gari, na haibadiliki sana kwa mwendo. Ya pili ni ukinzani wa hewa. Hii hulingana na ukubwa wa uso wa gari, na umbo lake, na uzito wa hewa yenyewe, na zaidi ya yote na kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiwa maradufu, kani ya hewa huwa mara nne.

Hapo ndipo kombi inapokuwa na shida kuliko gari dogo, kwa kuwa ni kama sanduku linalosukumwa hewani. Wahandisi waliitambua shida hii tangu mwanzo. Mwaka 1947 mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alichora mchoro wa gari la sanduku uliozaa kombi ya Volkswagen. Mfano wake ulipopimwa mwaka 1949 katika chuo cha ufundi cha Braunschweig, Ujerumani, mbele ya upepo wa mashine, namba inayopima ukinzani wa umbo ilikuwa 0.75. Kwa kuviringisha uso wa mbele tu, namba hiyo ilishuka hadi 0.44. Gari lilianza kutengenezwa Machi 1950, likiwa na injini ya nguvu-farasi 25 tu, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kulitia vitanda na makabati kwa ajili ya wasafiri. Bila marekebisho yale ya umbo, injini ndogo namna ile ingetaabika sana kulisukuma sanduku lile.

Mfano wa hesabu

Na ichukuliwe kombi ya dizeli iliyobeba abiria saba na mizigo yao, yenye tungamo la kilo 2,500 kwa jumla. Uso wake wa mbele una eneo la mita 3 za mraba, na namba ya umbo ni 0.40. Kwenye lami nzuri, ukinzani wa tairi ni kama 0.012 ya uzito, yaani nyutoni 294. Uzito wa hewa karibu na usawa wa bahari ni kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Basi kani ya hewa, kwa nyutoni, ni 0.72 mara kipeo cha pili cha mwendo uliopimwa kwa mita kwa sekunde.

Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi. Injini na gia zake hupoteza sehemu kubwa kama joto. Ikikadiriwa kwamba robo tu hufika kwenye magurudumu, kila lita yatoa megajuli 9 za kazi. Matokeo, kwa kila kilomita 100 za lami tambarare, ni haya:

Kilomita 60 kwa saa: nyutoni 494, lita 5.5
Kilomita 80 kwa saa: nyutoni 650, lita 7.2
Kilomita 100 kwa saa: nyutoni 850, lita 9.4
Kilomita 120 kwa saa: nyutoni 1,094, lita 12.2

Kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa, muda wa safari hupungua kwa theluthi moja, lakini mafuta huongezeka kwa karibu asilimia 70. Sheria ya Kenya iliyoanza kutekelezwa mwaka 2004, inayotaka magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, ilitungwa kwa ajili ya kuokoa maisha. Hata hivyo, jedwali hili laonyesha kwamba huokoa na mafuta pia.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi

Sasa kombi hiyo ipelekwe kutoka Mombasa hadi Nairobi, masafa ya kilomita 480 hivi, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa hesabu ya barabara tambarare ingehitaji karibu lita 35. Lakini barabara hiyo si tambarare. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na kuinua kilo 2,500 hadi kimo hicho kwahitaji megajuli 42, sawa na lita 4.5.

Tena yapo matuta ya barabarani, vijiji na mizani. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo ya megajuli 0.62, na dereva akifunga breki, yote hugeuka joto. Kusimama na kuondoka mara 15 hugharimu karibu lita moja. Basi mara 45 ni lita 3. Kipoza hewa kinachotumia kilowati 1.5 kwa saa sita hula lita 3.5. Saa moja ya kusubiri katika foleni ya malori, injini ikiunguruma, huenda ikala lita moja. Iko nafuu moja: hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na kwa safari nzima hilo laokoa lita 1.5 hivi.

Jumla ni lita 45.5, sawa na lita 9.5 kwa kila kilomita 100. Ziada ya lita 10.5, ambayo ni asilimia 30 ya hesabu ya barabara tambarare, imepatikana bila mtu yeyote kuiba hata tone. Wakati wa kurudi Mombasa mteremko hurudisha sehemu ya zile lita 4.5 za mlima, ila si zote, kwa maana nyingine hupotelea katika breki.

Ndani ya hifadhi za wanyama kuna jambo linalowashangaza wengi. Kwenye barabara ya udongo laini, ukinzani wa tairi waweza kufika 0.05 ya uzito, yaani nyutoni 1,225. Ukijumlisha na hewa kidogo ya mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kani yote ni nyutoni 1,314, nayo yahitaji lita 14.6 kwa kilomita 100. Kwa hiyo kombi inayotambaa polepole ikitafuta simba hula mafuta mengi kwa kila kilomita kuliko ile inayokimbia kilomita 120 kwa saa juu ya lami.

Kupima kwa haki

Mwenye gari anayetaka ukweli na apime mwenyewe. Tangi lijazwe pomoni, kilomita ziandikwe, safari iendeshwe, kisha tangi lijazwe tena katika kituo kile kile hadi usawa ule ule. Lita za kujazia zigawanywe kwa kilomita zilizokwendwa. Kujaza mara moja hakutoshi. Lita mbili za tofauti katika kujaza tangi zaweza kupotosha matokeo ya safari fupi. Kujaza mara nne au tano, kwa safari za kwenda na kurudi, hutoa namba ya kuaminika. Upepo wa tairi nao ukaguliwe, kwani tairi iliyolegea huongeza ukinzani.

Ipo pia hatari katika kutafuta wastani. Kombi ikienda kilomita 480 kwa kilomita 8 kwa lita, ikarudi kwa kilomita 12 kwa lita, wengi watasema wastani ni 10. Sivyo. Kwenda ilikula lita 60, kurudi lita 40. Kilomita 960 kwa lita 100 ni 9.6. Mhasibu asiyelijua hilo atamdai dereva lita nne ambazo hazikuwahi kuibwa.

Rekodi ya namna hii, ikitunzwa kwa kila njia peke yake, humkinga dereva mwaminifu kwa kuwa yatoa kipimo cha safari ile ile, si cha maabara ya mbali. Vilevile humfichua asiye mwaminifu, maana milima na matuta ya njia moja hayabadiliki kutoka wiki hadi wiki.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Rudia hesabu ya safari ya Mombasa hadi Nairobi kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Je, ni sehemu zipi za hesabu zinazobadilika, na zipi zisizobadilika?

2. Mizigo iliyofungwa juu ya paa imeongeza eneo la uso kwa mita 0.5 za mraba. Tafuta lita zitakazoongezeka kwa kilomita 100, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

3. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, pimeni ulaji wa mafuta wa gari la shule kwa muhula mmoja. Linganisheni namba mtakayoipata na ile ya kitabuni, kisha elezeni kila sababu ya tofauti kwa hesabu.