Tafsiri na unukuzi katika habari za RNA

Tafsiri, kwa maana iliyozoeleka, ni kuhamisha ujumbe kutoka lugha moja hadi nyingine. Katika elimu ya viumbe neno hili lina maana mahususi: kazi ya ribosomu ya kusoma RNA mjumbe na kuunga asidi amino, moja baada ya nyingine, hadi protini ikamilike. Hatua inayotangulia, ya kunakili maagizo ya DNA katika RNA, huitwa unukuzi.

Vitenzi vyenyewe vinaonyesha tofauti. Anayenukuu hubaki katika lugha ileile; DNA na RNA huandikwa kwa herufi nne zinazokaribia kufanana. Anayetafsiri huvuka lugha. Protini huundwa kwa asidi amino za aina 20.

Wengi huyachanganya maneno haya, na kosa hilo hupotosha habari nzima. Mwaka 2004, Farren Isaacs, James Collins na wenzao walieleza jinsi ya kudhibiti tafsiri ndani ya bakteria Escherichia coli kwa kutumia RNA zilizobuniwa. Mwanzoni mwa RNA mjumbe waliweka kipande kinachojikunja na kuziba mahali ambapo ribosomu hujishikiza. Ribosomu ikikosa pa kushika, protini haitengenezwi. Ikiletwa RNA ya pili, fupi, inayooana na kipande hicho, mkunjo hufunguka na usomaji huanza. Mwaka 2014, Alexander Green, Peng Yin, Collins na wenzao walichapisha swichi za RNA za muundo mpya, ambazo RNA ya kuzifungua yaweza kuchaguliwa kwa uhuru mkubwa zaidi.

Katika hali zote mbili, swichi ikiwa imefungwa au imefunguliwa, jeni imekwisha kunukuliwa na RNA mjumbe ipo. Kinachokosekana swichi inapofungwa ni protini. Kwa hiyo:

Si sahihi: Mkunjo huo huzuia unukuzi wa jeni.
Sahihi: Mkunjo huo huzuia tafsiri ya RNA mjumbe.

Sentensi ya kwanza humfanya msomaji aamini kwamba RNA haikutengenezwa kabisa, ilhali ubunifu wote umejengwa juu ya kuwapo kwake.

Matumizi: DNA hunukuliwa kuwa RNA; RNA mjumbe hutafsiriwa kuwa protini.